Nuru ya Baba Naim

Taa za kijani za msikiti ziliwashwa kabla ya adhana ya magharibi, kama kila siku, na Fardosa akasogeza ubao wa chapati karibu na dirisha ili asiwashe balbu yake mwenyewe. Wote waliokaa ng'ambo ya barabara kutoka msikitini walikuwa na mazoea hayo. Unga ukawa kijani, sufuria ikawa kijani, na paka wa jirani aliyekaa kwenye kizingiti akawa kijani pia. Mikono ya Fardosa, kuanzia vidoleni hadi pale alipokunja dera, ikawa na rangi ya chungwa.

Aligeuza kwanza chapati iliyokuwa kwenye kikaango, kwa sababu ilikuwa karibu kuungua. Kisha akaigeuza mikono yake. Mwanga haukuwa juu ya ngozi. Ulitoka ndani, ukafuata mishipa, ukatulia viganjani. Hakupiga kelele wala hakumwita mtu, maana rangi ile aliijua vizuri. Alikuwa akilala kando yake tangu alipoolewa.

Mumewe, Abdirashid, muuzaji wa magunia na kamba karibu na soko la Kitale, alikuwa mtu mwenye nuru. Waislamu wa mtaa ule wanaijua nuru: ni ule mwangaza wa uso wa mtu anayeamka alfajiri kuswali wakati baridi ya Kitale imewafunga wenzake blanketini. Kwa watu wengi ni namna ya kusifu tu. Kwa Abdirashid ilionekana kwa macho. Kila jioni alipovuka barabara na kuingia chini ya taa za msikiti, uso wake uliwaka, shingo ikawaka, na alipokuwa akitawadha, nyayo zake ziliwaka ndani ya maji. Waliomfuata walimpisha. Wazee wenye ndevu nyeupe walimwomba awaombee dua, naye aliwaombea, hakuwa mchoyo.

Mvua za kwanza zilipoanza na kumbikumbi wakatoka ardhini, waliziacha balbu zote za mtaa wakamjia yeye. Walitua kwenye kofia na mabega yake wakaangusha mabawa, naye akasimama wima bila kuwapangusa mpaka watoto wa majirani walipomaliza kuwaokota wakakaange. Mwaka wa kura ya maoni, nchi ilipogawanyika kati ya ndizi, alama ya Ndiyo, na chungwa, alama ya Hapana, vijana wa chungwa walimshangilia kila alipopita wakidhani ametangaza upande wake. Alisema hana chama.

Fardosa alimkubali kwa mambo kadhaa, na nuru ilikuwa mojawapo. Posa ililetwa na Mama Sharifo, jirani, mwanamke mwenye heshima zake. Ndiye aliyewatafutia vijana wachumba, na ndiye aliyeosha maiti za wanawake wa mtaa. Alikupokea ukiingia kwenye ndoa na alikupokea ukitoka duniani, na katikati alikuwa na maoni.

"Mwanaume anawaka namna hii na wewe unauliza kazi yake?" alikuwa amemwambia mama yake Fardosa. "Si ufungue macho, mama."

Mama yake Fardosa alifungua macho, akaona mwanga, akakubali.

Sasa Fardosa alikuwa na mimba, na wiki iliyotangulia alikuwa ameenda kliniki kama wajawazito wengine. Nesi aliyempima aliitwa Ciru, binti wa watu wa Kachibora waliohamia huko kutoka Nyeri kabla yeye hajazaliwa. Ciru alifunga mlango, akavuta kiti, akampa habari kwa sauti ya chini, akamshika mkono muda mrefu. Kisha akamtoa damu nyingine kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau.

"Ndani ya damu kuna askari," Ciru alimwambia. "Huyu mdudu anawamaliza polepole. Sasa tunataka kujua wamebaki wangapi. Mashine ya kuwahesabu iko Bungoma."

Kichupa kikawekwa kwenye kasha la barafu, kasha likapelekwa Bungoma, na jioni ambayo Bungoma walimaliza kuhesabu ndiyo jioni mikono ya Fardosa ilipowaka.

Asubuhi alirudi kwa Ciru.

"Sista, ninawaka."

"Kwa taa gani?"

"Ya msikiti."

"Ya kijani. Eeh, hiyo ni kawaida wakishakuhesabu." Ciru alifungua droo. "Habari ni nzuri, mama. Askari wako bado ni wengi. Wakifika chini ya mia mbili ndio utaanza dawa."

"Kwa nini nisianze leo?"

"Dawa hazitoshi watu wote. Wanaanza na wale wamezima kabisa."

"Kwa hivyo ningoje nizime."

"Ngoja upungue," Ciru alisema, na hakuonekana kuyapenda maneno yake mwenyewe. Akatoa kwenye droo kidonge kimoja kilichofungwa kwa karatasi. "Hiki ni cha mtoto. Uchungu ukianza tu, meza. Ni kimoja, usikipoteze."

Fardosa alikifunga kwenye pindo la leso. Akafika mlangoni, akageuka.

"Sista, mtu anaweza kuwaka bila kuhesabiwa?"

Ciru alitazama mlango kwanza. "Hapana. Damu isipoenda Bungoma, mtu anabaki tu hivyo, giza."

Jioni hiyo Abdirashid alirudi kutoka kuswali magharibi, akaketi dirishani kunywa chai. Fardosa alimwekea kikombe, kisha akaulaza mkono wake juu ya meza, kando ya mkono wa mumewe, ndani ya ule mwanga wa kijani. Rangi ilikuwa moja. Wake ulikuwa hafifu kidogo, wa mume ulikuwa mkali. Abdirashid aliitazama mikono yote miwili.

"Mashallah," alisema. "Ndoa ina baraka."

Akamaliza chai yake.

Uchungu ulipoanza, Fardosa alifungua pindo la leso akameza kidonge kabla hata hajamwita mtu. Mtoto alikuwa wa kiume, wakamwita Naim. Hakuwa na mwanga wowote. Wanawake waliokuja kumwona walimwinua wakampeleka dirishani magharibi ilipoingia, wakamgeuza huku na huku chini ya kijani, wakamrudisha kwa mama yake wakiwa na huruma. Mtoto wa baba kama yule, na hakurithi hata chembe. Ciru naye, miezi ilipopita akampima akamkuta hana mdudu, alicheka mpaka akaketi. Fardosa alimpenda sana nesi yule siku hiyo.

Abdirashid alikuwa na safari ya Bungoma kila mwezi. Huko alichukua mzigo wa kamba, na kutoka huko aliwapelekea magunia wakulima wa tumbaku wa Malakisi. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini kamba zisinunuliwe Kitale, ambako zilijaa kila duka. Mwezi mmoja Fardosa alimfunga Naim mgongoni, akapanda gari lililofuata lile la mumewe, na Bungoma hakwenda kwenye maduka. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye dirisha la maabara ilikokuwa mashine.

Fundi wa maabara aliitwa Bramwel Wepukhulu. Aliipenda kazi yake, na kwa kawaida hakuna mgonjwa aliyemuuliza lolote kuihusu isipokuwa itakwisha saa ngapi. Fardosa alipomuuliza wanaweka nini kwenye damu, alisogea dirishani kabisa, akaeleza kwa lafudhi ya kwao, r na l zikibadilishana nafasi.

"Ni langi, mama. Inatolewa kwa mwani, haya majani ya baharini, ire aina nyekundu. Inakaa chini sana, mahari mwanga unafika ukiwa karibu kwisha. Sasa imezoea kuokota mabaki. Mwanga kidogo tu ikipata, inaushika, haiachilii bure."

"Na askari inawajuaje?"

"Tumeifunga kwa kitu kingine kinachowajua. Ikiingia kwa damu inashika hao tu, wengine inawapita. Harafu mashine inapiga taa ya kijani, na kira askari anajibu kwa langi ya chungwa. Mashine kazi yake ni kuhesabu majibu."

"Na damu iliyobaki kwa mwenyewe?"

"Nayo inajibu," Bramwel alisema. "Damu ni moja, mama. Hiyo haiko kwa kitabu cha mashine, rakini ndio vire iko."

"Na mtu akipewa dawa?"

"Askari wanaongezeka. Anawaka kushinda wewe."

Fardosa alimshukuru. Hakumuuliza jina la mtu, na Bramwel hakuwa mtu wa kutaja majina. Aligeuka kutafuta mahali pa kumnyonyesha Naim, akaliona benchi la wanaochukua dawa. Lilikuwa chini ya ukuta uliopakwa kijani hadi mabegani. Jua la asubuhi liliingia dirishani, likagonga ukuta, likarudi likiwa kijani, na wote waliokaa pale walikuwa wakiwaka kidogo kidogo, kimya, mikono magotini. Mama mmoja alikuwa akifuma sweta kwa mwanga wa vidole vyake. Mwishoni mwa benchi, kofia kichwani na roli ya kamba mapajani, alikaa Abdirashid.

Walitazamana.

"Umekuja kuchukua mzigo," Fardosa alisema.

"Ndiyo," Abdirashid akasema. Akasogea, akampa nafasi.

Wakakaa bega kwa bega kama watu wanaongoja zamu ya kinyozi. Naim alinyonya akalala. Baadaye sauti iliita jina ambalo Fardosa hakulijua, na mumewe akasimama. Alirudi na mikebe miwili ya plastiki, akaitia katikati ya roli ya kamba, akaifunga vizuri isigongane. Ilikuwa kazi ya mikono iliyozoea.

Fardosa aliuliza walipokuwa nyumbani na chai iko mezani.

"Ulijua tangu lini?"

"Kabla yako."

"Na ukanioa."

"Nilikuoa kwa wema," Abdirashid alisema. "Sikukudanganya, Mama Naim. Hata siku moja sikusema nina nuru. Ni watu walisema. Wewe ndio uliipenda."

"Nitawaambia ni nini."

"Waambie. Mimi niliwaka kwanza, wewe ukafuata, na sasa wewe unafifia. Watasema nini?"

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayepiga hesabu ya magunia. Fardosa alilifikiri jambo hilo hadi chai yake ikapoa, akaona kwamba ni kweli, na hapo ndipo alipomchukia.

Maana alikuwa akififia. Miezi ilikwenda na kila jioni taa za msikiti zilipowaka, mikono yake ilijibu kwa sauti ndogo zaidi, ikiwa mwanga una sauti. Kwanza vidole vilizima, kisha viganja, kisha ukabaki mstari mwembamba ndani ya viwiko. Alikonda. Koo lake likaota vidonda vyeupe. Kila alipokwenda kliniki Ciru alituma damu Bungoma, na kila majibu yaliporudi, wote wawili walitarajia kitu ambacho hakuna mtu angepaswa kukitarajia, na Ciru akatikisa kichwa. Bado. Askari bado wengi kidogo.

Mtaa nao uliona. Mwanamke alikuwa na nuru akiwa bi harusi mwenye mimba, sasa nuru imemtoka, na mumewe yuko vilevile, tena anazidi. Haikuhitaji akili nyingi. Kuna kitu amefanya. Wengine walisema ni dharau kwa mume, wengine walisema ni kuacha swala, na mmoja alisema alimwona akishuka kwenye gari la Bungoma peke yake na mtoto mgongoni, na ni nani anayekwenda Bungoma bila sababu? Majirani waliacha kuazima chumvi kwake.

Mama Sharifo alikuja kumshauri kwa upole.

"Mimi nimeosha wanawake wa mtaa huu miaka mingi," alisema. "Siku hizi Mungu anatupenda. Wake vijana wanakufa na nuru yao. Unamwaga maji, yanateremka mtaroni chini ya taa za msikiti, na yanawaka, kidogo tu, kama makaa ndani ya jivu. Wote hao vijana, Mama Naim. Wazee wanaenda giza. Sasa wewe rudi kwa Mungu wako, usiende giza."

"Wangapi wa namna hiyo, mama?"

"Wengi! Si ndio nakuambia tumebarikiwa."

"Na waume zao?"

"Wengine wameoa tena," Mama Sharifo alisema. "Maisha yanaendelea."

Fardosa alimweleza yote, tangu kichupa chenye kifuniko cha zambarau hadi roli ya kamba. Alieleza polepole ili asilie. Mama Sharifo alisikiliza hadi mwisho, maana alikuwa na adabu.

"Na kama ni damu tu, yako imezima kwa nini?"

"Yeye anakunywa dawa. Mimi hawajanipa."

"Kwa nini wakunyime?"

"Kwa sababu sijazima vya kutosha."

Mama Sharifo alimtazama kwa huruma ya kweli. Hata Fardosa, alipojisikiliza, aliona kwamba hadithi ya nuru ilikuwa na mantiki zaidi.

"Huu ni wivu, binti yangu," Mama Sharifo alisema. "Najua umeshasikia. Si kitu kibaya, tumeumbwa nao."

Fardosa alikuwa hajasikia. Ndivyo alivyojua kwamba Mama Sharifo amempatia Abdirashid mke wa pili, mpwa wake wa Bungoma anayeitwa Nasro, aliyemaliza sekondari mwaka uliopita. Familia ilikuwa imemwona mwanaume huyo chini ya taa na imeridhika.

Kuanzia hapo Fardosa hakutaka kitu kingine. Mambo yake mwenyewe aliyaweka kando kama mtu anavyoweka kando nguo za kufuliwa. Alitaka msichana yule ajue mwanga ule ni nini kabla nikaha haijafungwa, basi.

Kwanza alikwenda kwa Ustadh Aziz, aliyeswalisha na kufundisha watoto Kurani chuoni. Ustadh Aziz hakuwa na mwanga wowote, na jambo hilo halikuwahi kumsumbua. Alimsikiliza Fardosa akiwa amejiinamia, akichora mistari vumbini kwa fimbo.

"Sasa unataka nifanye nini, Mama Naim?"

"Badilisha zile taa. Weka nyeupe."

Ustadh alifikiri. "Nuru ya mtu haihitaji stima ya msikiti," alisema mwishowe, na siku hiyohiyo akaleta ngazi, akapanda mwenyewe, akazing'oa zile taa ndefu za kijani akaweka nyeupe.

Magharibi ilipoingia Abdirashid alivuka barabara akiwa mwanaume wa kawaida, mwenye mwanya na macho yaliyochoka. Watu walimkanyaga kwenye mlango kwa kutomtambua. Hakuna aliyempisha kwenye birika. Fardosa aliyaona yote hayo kutoka dirishani, unga mikononi, na kwa dakika chache alifurahi kwa namna ambayo hakuwa amefurahi tangu Naim apimwe.

Baada ya isha kamati ilikaa. Walisema msikiti umekuwa kama duka la dawa. Walisema rangi ya kijani ni ya heshima tangu enzi za wazee wao, na kwamba si haki kumzimia taa mtu aliyejaliwa. Ustadh alisema kama amejaliwa hatazimika. Walimjibu kwamba hilo ni suala la elimu na wao wanazungumzia taa. Zile za kijani zikarudishwa, na ikaongezwa moja zaidi pale ambapo Abdirashid alizoea kusimama.

Ustadh Aziz hakukata tamaa upesi. Wote waliokuja kwake kuoana aliwatuma wapimwe kwanza, na hata kwa ndoa hii alifanya hivyo: alipanda gari hadi Bungoma akamwambia baba yake Nasro uso kwa uso. Baba yake Nasro alicheka, akammiminia mgeni soda nyingine.

"Kipimo gani tena, Ustadh? Wengine hao, ndio, tungewapima, huwezi kujua mtu. Lakini huyu kipimo chake si kinaonekana kutoka barabarani?"

Basi Fardosa alikwenda mwenyewe. Alimkuta Nasro amekaa mkekani, miguu mbele, akipakwa hina, na wasichana wenzake wamemzunguka. Alikuwa na sura nzuri ya kitoto na alimpisha mgeni kwa heshima.

"Karibu, dada."

Fardosa aliwaomba wasichana watoke, nao wakatoka hadi mlangoni tu. Akamwambia Nasro kila kitu. Akakunja mikono ya dera amwonyeshe. Nje jioni ilikuwa inaingia, na taa ya kijani ya msikiti wa huko ilifika hadi ukutani pale, lakini mikononi mwa Fardosa haikukuta mtu wa kuijibu. Hata ule mstari wa viwikoni ulikuwa umezima.

Nasro aliitazama mikono ile mikavu.

"Dada," alisema taratibu, bila ubaya wowote, "kama ni ugonjwa, mbona mgonjwa ni wewe?"

Fardosa alikuwa na jibu, lakini halikuwa jibu la kuonekana kwa macho. Alianza kulisema, na mlangoni wasichana wakaanza kucheka. Mama yake Nasro aliingia, akamsindikiza mpaka barabarani kwa adabu, akamwambia asirudi tena katika nyumba ile.

Harusi ilifanyika Bungoma. Wenyeji walikodi taa za kijani wakazitundika kuzunguka hema lote, na wanasema Abdirashid aliwaka siku hiyo kiasi kwamba mpiga picha alilazimika kumsogeza nyuma kidogo.

Wiki hiyohiyo Ciru alimpigia Fardosa simu kwa jirani. Sauti yake ilikuwa ya furaha.

"Umeshuka, mama! Umeshuka chini kabisa. Njoo leo."

Fardosa alikwenda akishikilia kuta. Ciru alimpa mikebe miwili, akamwonyesha ya asubuhi na ya jioni, akamkumbatia. Alianza kumeza. Mwezi wa kwanza alitapika na kuota ndoto mbaya. Baadaye akaanza kula, akaanza kubishana na watu wa soko, na jioni moja alipokuwa akikanda unga, vidole vyake vikajibu. Kidogo, kisha kila siku zaidi, mpaka akaweza kuchambua mchele kwa mkono wake mwenyewe taa za msikiti zikiwa zimewashwa.

Mtaa uliona hilo pia. Walisema ametubu. Wanawake walirudi kuazima chumvi, na mmoja alimletea mtoto wake mwenye degedege amwekee mkono kichwani. Fardosa alimwambia ampeleke kliniki. Mwanamke alisema atampeleka, lakini amwekee mkono kwanza. Akamwekea.

Abdirashid sasa aligawa siku zake kati ya Kitale na Bungoma. Hakumnyima Fardosa chakula wala kodi, na hawakuwa na la kuzungumza. Akiwepo, walikaa dirishani wakila, kila mmoja akiwaka upande wake, na Naim katikati, mweusi tii, akitafuna chapati.

Mama Sharifo aliingia jioni moja bila kubisha hodi, leso imemteleza, pumzi juu.

"Mama Naim! Nasro ana mimba!"

"Mungu amsaidie," Fardosa alisema, na alimaanisha.

"Na si hiyo tu. Alienda kliniki, wakamtoa damu, na tangu hapo, binti yangu, anawaka! Mikono, uso, kila mahali. Jana walimsimamisha chini ya taa, babake akalia. Tulisema ni mume tu, kumbe na mke. Nuru imeingia nyumba yetu!"

Ng'ambo ya barabara taa za kijani ziliwashwa. Uso wa Mama Sharifo ukawa kijani, machozi yake yakawa kijani. Fardosa aliweka chini chapati aliyokuwa ameishika.

"Mama Sharifo, mimi sitakiwi kwao. Utamwambia wewe. Kliniki watampa kidonge kimoja. Uchungu ukianza, ameze."

"Kidonge cha nini?"

"Cha mtoto. Naim nilimmezea mimi. Ni kimoja tu, asikitupe."

Mama Sharifo alimshika shavu kwa mkono wake mzuri wa kuoshea, akatabasamu. "Wewe nawe. Mtoto anazaliwa ndani ya nuru, anywewe kidonge cha nini?"

Akatoka mlangoni. Wanawake walikuwa wameshaanza kutokeza kwenye nyumba zao kusikia kuna nini, nao walikuwa wengi. Fardosa alimfuata hadi kizingitini akarudia, kwa nguvu zake zote, kwamba ni kimoja tu na asikitupe, lakini vigelegele vilikuwa vimeshaanza.